Nimeanguka mara tatu. Nilipie sindano za Kichina au nirudi mazoezini?

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 43, mama wa watoto watatu, naishi Msangamkuu, ng'ambo ya mji wa Mtwara. Kila asubuhi navuka kwa kivuko kwenda mjini, huko nina kikundi cha akina mama tunamenya korosho. Kazi yenyewe ni ya kukaa mkekani na ungo mapajani tangu saa mbili hadi saa kumi.

Huu ni mwaka wa nne naumwa. Yalianza shingoni, yakashuka mabegani, yakaingia nyongani, mapajani, hadi nyayo. Si maumivu ya mahali pamoja ambayo ningeweka kidole nikasema ni hapa. Leo yako huku, kesho yamehamia kule, siku nyingine mwili mzima kama nimetwangwa kinuni. Naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Nasahau pia. Juzi nilitia chumvi mara mbili kwenye mchuzi wa pweza, mume wangu akala kimya mpaka akamaliza, ila uso wake niliuona.

Nimepima mpaka basi. Malaria hakuna, taifodi leo ipo kesho haipo, mkojo nimetibiwa mara tano, picha ya mgongo safi. Duka la dawa nimezoeleka, dada akiniona anatoa diklofenaki kabla hata sijamsalimia, na mimi nazimeza karibu kila siku. Mama mkwe anasema ni jini la bahari, nimesomewa mara mbili. Wifi yangu haamini jini wala ugonjwa, yeye anasema ni uvivu wa kuolewa vizuri.

Mwaka jana ilipokuja kambi ya madaktari bingwa, daktari mmoja wa kike alikaa na mimi karibu nusu saa. Akaniuliza nalalaje, nasahau nini, maumivu yana muda gani. Akanibonyezabonyeza, akasoma vipimo vyangu vyote, akasema hii inaitwa fibromialgia. Akaniandikia amitriptilini usiku na karatasi ya kwenda fiziotherapia. Nilikwenda mara mbili. Mara ya pili kijana wa mazoezi alinipandisha ile baiskeli isiyokwenda popote, dakika ishirini nakanyaga. Nikarudi nyumbani, siku tatu sikunyanyuka kitandani. Sikurudi tena.

Kilichonitisha sasa ni kuanguka. Mara ya kwanza nilikuwa nashuka kivukoni, beseni kichwani, nahesabu chenji niliyorudishiwa, mara nikajikuta chini na watu wamenizunguka. Mara ya pili usiku, nimeamka kwenda chooni uani, nilipofika mlangoni dunia ikazunguka nikaenda na ndoo. Mara ya tatu ndiyo iliyoniliza, Shangazi. Nilikuwa naswali, nikainuka kutoka sijda, miguu ikakataa, nikadondokea ubavu mbele ya binti yangu.

Shemeji yangu amepata habari za mtu mjini anayechoma sindano za Kichina. Anasema mara kumi tu ugonjwa unakwisha kabisa, vidonge naviacha na miguu inarudi. Kila mara ni shilingi 25,000 na anataka zote kumi kwa mkupuo. Pesa ya upatu ninapokea mwezi ujao, itafika hapo hapo. Mume wangu anasema niamue mwenyewe, ila akisema hivyo anaangalia pembeni.

Sindano au mazoezi? Na hii miguu nitaifanyaje?

Wako wa ng'ambo, Msangamkuu.

*

Marahaba mwanangu, na pole. Pole ya mwili, na pole ya huyo wifi.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nilisimama palepale kwenye kuanguka. Wewe umeandika kama kitu kimoja kilichotokea mara tatu. Mimi nilikaa wodini miaka mingi kabla ya kushika kalamu hii, na nakwambia hizo ni habari tatu tofauti. Tuanzie hapo, sindano tutazikuta njiani.

Kivukoni ulikuwa unahesabu chenji. Mwili kusimama wima si jambo dogo kama tunavyodhani. Macho yanatazama, sikio la ndani linapima kama kichwa kimeinama, nyayo na vifundo vinaeleza ardhi ikoje, na ubongo unapokea habari zote hizo na kuituma misuli, papo hapo, bila wewe kuambiwa. Mtu mwenye fibromialgia ubongo wake tayari umeelemewa na maumivu na usingizi mbovu. Sasa uongezee mteremko wa gati, beseni kichwani, watu wanasukumana, na hesabu ya elfu kumi toa elfu tatu na mia tano. Kitu kimoja lazima kidondoke, na kilichodondoka ni wewe. Waliowapima watu wenye ugonjwa huu wakawalinganisha na wa umri wao walikuta kweli mizani ya mwili wao ni dhaifu zaidi na wanaanguka mara nyingi zaidi. Kwa hiyo hujajitungia.

Uani usiku ni habari nyingine. Amitriptilini ni dawa nzuri kwa wengi wenye shida yako, kwa kipimo kidogo husaidia usingizi na kupunguza maumivu, lakini ina tabia ya kushusha presha mtu anapoinuka ghafla. Ukichanganya na giza na usingizi mzito, ndiyo hiyo dunia inayozunguka mlangoni. Hukuniambia unaimeza saa ngapi. Kama ni saa tano usiku unapoingia kitandani, muulize daktari au mfamasia kama unaweza kuivuta nyuma hadi saa mbili. Ukiamka, kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, tikisa vifundo vya miguu, hesabu hadi ishirini, ndipo usimame huku umeshika kitu. Na tochi iwe chini ya mto. Usiiache dawa kwa kuikatisha ghafla, wala usikubali kuachishwa na mtu ambaye hakukuandikia.

Na pale kwenye sijda, mwanangu, miguu ilikataa kwa sababu haina nguvu. Saa nane kwa siku umekaa mkekani, kwa miaka, na tangu uumwe umekuwa ukijihadhari usijitikise. Mapaja na nyonga vimelegea. Kuinuka kutoka chini ni moja ya kazi ngumu kuliko zote anazofanya binadamu kwa siku, ila hatuioni kwa kuwa tumeizoea. Machozi yako nayaelewa, lakini hapo hapakuwa na jini wala aibu.

Kabla hatujaendelea, kuna kipimo naomba ukifanye wiki hii. Nenda wakupime presha ukiwa umelala halafu umesimama, wakupime wingi wa damu na sukari, na wayatazame macho. Mtu aliyekwisha kupewa jina la ugonjwa mmoja, kila kitu kinasukumiwa humo, na mwanamke wa miaka 43 anaweza kuwa na fibromialgia na upungufu wa damu kwa pamoja. Tena, kama mguu au mkono wa upande mmoja unaishiwa nguvu, kama unapata ganzi sehemu za siri au mkojo unatoka wenyewe, kama unazimia kabisa, au una homa na unakonda bila sababu, hiyo si fibromialgia, ukimbilie hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa ugonjwa wenyewe, maana naona hakuna aliyekukalisha akakueleza. Umewahi kumwona mlinzi wa ghala la korosho aliyewahi kuibiwa? Zamani alipiga filimbi akiona mwizi. Siku hizi anapiga akiona paka. Filimbi inalia kweli na wewe unaisikia kweli, ila ghalani hakuna kilichovunjwa. Ndivyo mishipa ya fahamu inavyokuwa katika fibromialgia. Ndiyo sababu picha zako ni safi, na zitaendelea kuwa safi hata ukipiga kila mwezi. Viungo havioti kutu wala havipindi, na ugonjwa huu hauui. Unatambulika kwa kusikiliza: maumivu yaliyoenea mwili kwa miezi mitatu au zaidi, uchovu, usingizi usioburudisha, kusahau. Mwaka 1990 madaktari waliweka utaratibu wa kubonyeza sehemu 18 za mwili, ukiumia 11 ndio unao. Mwaka 2010 wakaleta utaratibu mwingine wa kuhesabu maeneo yanayouma na kupima uchovu, usingizi na usahaulifu, ndiyo maana yule daktari alikuuliza maswali mengi kuliko alivyokubonyeza. Alifanya kazi yake. Kwenye nchi walikohesabu, hupatikana watu wawili hadi wanne katika kila 100, wengi wao wanawake, kwa hiyo kwenye kivuko kikijaa hauko peke yako.

Hizo diklofenaki za kila siku ziache. Zinatibu uvimbe, na wewe huna uvimbe. Utabaki na maumivu yale yale na vidonda vya tumbo juu yake, na figo zikaanza kulalamika. Mwambie dada wa dukani kuwa siku hizi unakuja kusalimia tu.

Tufike kwenye sindano. Mimi si adui wa sindano za Kichina. Madaktari wa China wako kwetu tangu 1964 Zanzibar na 1968 Bara, na nimewaona wagonjwa wakitoka kwenye kitanda cha akupancha, ndilo jina la tiba ya sindano hizo, na nyuso zimekunjuka. Lakini uniulize zinafanya nini hasa kwa fibromialgia, nikujibu kwa kilichopimwa na si kwa nyuso.

Mwaka 2013 watafiti wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya majaribio ya tiba na kuyachuja, walikusanya majaribio tisa yenye watu 395 wenye ugonjwa huu huu wako. Waliochomwa walipata nafuu ya maumivu na ya mwili kukakamaa kuliko wasiofanyiwa chochote. Hapo shemeji yako atashangilia. Ila katika baadhi ya majaribio watu walichomwa sindano za kiini macho, yaani zisizoingia mwilini au zinazochomwa mahali pasipo pake, na wao wasijue. Hao nao walipata nafuu ya maumivu na uchovu isiyo tofauti na ya waliochomwa za kweli. Sindano zinazounganishwa na umeme mdogo zilifanya vizuri kidogo kuliko za mkono mtupu. Na nafuu yenyewe ilionekana hadi mwezi mmoja hivi, walipopimwa miezi sita baadaye haikuwepo. Maneno ya "ugonjwa unakwisha kabisa" hayamo.

Miaka mitatu baadaye, 2016, chama cha madaktari wa baridi yabisi cha Ulaya, EULAR, kilitoa mwongozo mpya wa fibromialgia. Walipitia dawa, walipitia tiba zisizo za dawa, akupancha ikiwemo. Wakaipa pendekezo hafifu, maana yake si mbaya, ukitaka jaribu. Kitu kimoja tu katika orodha yote kilipewa pendekezo la nguvu, nacho ni mazoezi.

Kwa hiyo nione hivi. Mazoezi ni ugali, sindano ni kitoweo. Ugali mkavu unashuka kwa tabu lakini unashibisha. Kitoweo peke yake unakila leo kitamu, usiku njaa iko palepale. Na kwa kuanguka kwako ndiyo zaidi, kwa sababu sindano inaweza kukutuliza mabega, lakini haiwezi kuyafundisha mapaja kuinuka. Rudi kwenye zile habari tatu: ni ipi kati ya hizo ingezuiwa na sindano? Mimi sioni hata moja.

Najua unachotaka kusema: mazoezi nilijaribu, yaliniua. Hapana. Ulichojaribu ni baiskeli dakika ishirini kwa mwanamke ambaye alikuwa hajatembea dakika kumi mfululizo kwa mwaka mzima. Yule kijana alikosea kipimo, na simtetei. Alitakiwa akuulize jana ulifanya nini, akuanzishe chini ya hapo. Mlinzi wa ghala ukimletea kundi la watu ghafla atapiga filimbi siku tatu. Ukimpitishia mtu mmoja leo, mmoja kesho, anazoea. Mtaalamu mzuri wa fibromialgia anaanza kwa kitu kidogo mpaka unaona aibu.

Rudi, lakini urudi na maneno. Pale Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa, au ile ya kanda kule Mitengo, ulizia kitengo cha fiziotherapia na useme: "Nina fibromialgia, nimeanguka mara tatu, mara ya mwisho mazoezi yalinilaza siku tatu, naomba tuanze kidogo na nataka mazoezi ya kusimama imara." Ukisema hivyo, aliyesoma kazi yake atajua aanzie wapi. Beba vyeti vyako vyote, na kama una bima uliza kabla kipi kinalipiwa.

Wakati unasubiri siku yako, kuna machache ya kuanza nayo nyumbani. Nakuandikia taratibu kwa sababu hapa ndipo dawa ilipo.

Ulivaa mkaja ulipojifungua, si ndiyo? Unakumbuka unavyoshika tumbo na kiuno, mtu unahisi umekamatika. Ndani ya mwili kuna mkaja wa nyama, misuli ya tumbo la chini, kiuno na sehemu ya chini ya nyonga, na huo ndio unaoushika mwili usiyumbe kabla mguu haujaenda popote. Wako umelegea. Lala chali mkekani, kunja magoti, nyayo zikanyage chini. Vuta pumzi, ukiitoa vuta kitovu polepole kwa ndani, kama unayefunga khanga inayobana kidogo. Si kwa nguvu, na usibane pumzi. Hesabu tano kwa sauti. Kama huwezi kuongea, umevuta mno. Legeza. Mara tano, basi, wiki nzima. Wiki ya pili, ukiwa umevuta hivyo, inua kisigino kimoja tu kama upana wa vidole viwili, shusha, badili mguu. Utacheka ni kazi gani hii. Kesho yake ndiyo utajua kama ilikuwa kazi.

Kisha kiti. Si kigoda, kigoda ni cha baadaye. Tafuta kiti cha kawaida, kiegemeze ukutani kisiteleze, keti mbele, nyayo chini, inama kidogo na usimame bila kujisukuma kwa mikono. Ukishindwa, sukuma kwa mikono, hakuna anayekuhesabia. Kaa tena kwa polepole, usijibwage, maana kushuka taratibu ndiko kunakojenga paja. Anza na tatu. Ukifika kumi bila shida, hamia kiti kifupi zaidi. Njia ya kwenda sijda inapita hapo: kiti, kiti kifupi, kigoda, mkeka. Kwa sasa swali umekaa kitini, dini imemruhusu mgonjwa na shehe yeyote atakwambia hivyo. Utakapoanza kurudi chini, weka kigoda pembeni, inuka kwa goti moja kwanza, mkono juu ya kigoda.

La tatu ni mwimo wa mlango. Simama katikati ya mlango, mikono karibu na miimo lakini isishike. Miguu ibane pamoja, hesabu hadi kumi. Ikiwa rahisi, weka mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kiguse dole gumba, hesabu tena. Baadaye sana, mguu mmoja. Macho usifumbe mpaka mtaalamu akuambie, na binti yako awe karibu. Ukishaweza hayo, mwambie akuulize hesabu wakati umesimama: saba na tisa, chenji ya elfu tano kwa kitu cha elfu tatu na mia mbili. Nacheka nikiandika, lakini sitanii. Kilichokuangusha kivukoni kilikuwa ni kusimama huku unahesabu, basi jifunze kusimama huku unahesabu.

Na kutembea. Wewe una bahati ambayo mtu wa Newala hana. Maji yakitoka asubuhi, ule mchanga uliolowa ni mgumu na umenyooka, tembea dakika tano kwenda na tano kurudi. Mchanga mkavu wa juu usiende, unazama na utakuchosha. Maji nayo ni tiba. Ukiwa na mwenzio, siku bahari imetulia, tembea ndani ya maji ya kiunoni, huku na huku. Maji yanakubeba, ukiyumba hauvunjiki, na maji ya vuguvugu yanalegeza misuli. Kwingineko watu wanalipia bwawa la maji moto kwa kazi hiyo hiyo. Wanawake wa kwenu wanaingia majini na khanga kutanda uduvi, wewe ingia kutanda afya, na mama mkwe akiuliza habari za jini mwambie unakwenda kulizoea.

Siku nzuri ndiyo itakayokuponza kuliko siku mbaya. Nakujua ingawa sijakuona: ukiamka mwepesi unafua nguo za wiki, unatwanga, unafagia uwanja mpaka kwa jirani, kesho na keshokutwa uko kitandani. Siku nzuri fanya kile kile cha jana, usizidishe. Ukipata maumivu zaidi kidogo baada ya mazoezi, hayo ni ya kawaida. Yakipita siku mbili hayajashuka, punguza nusu, ila usiache. Kuongeza ni kwa wiki, si kwa siku.

Kazini, kila ungo ukijaa simama. Tembea hadi mlangoni, rudi, kaa. Wenzio wakiuliza waambie ni amri ya daktari, hiyo hawabishi. Ikiwezekana ungo uwe mezani na wewe kitini. Kivukoni waache wenye haraka watangulie, shika chuma, chenji utahesabu ukishafika ardhini. Beseni lishuke kichwani kwa sasa, mzigo ugawe mikononi.

Sasa zile 250,000. Usimpe mtu pesa ya mara kumi kwa mkupuo, hata awe nani. Anayejua kazi yake hana sababu ya kukufunga kabla hujaonja. Kama moyo unazitaka sindano, nami sikukatazi, kwanza mwombe cheti cha usajili. Nchi hii ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya 2002, na anayetoa tiba hii nje ya mfumo wa hospitali anapaswa kusajiliwa nalo. Akianza kukueleza jinsi babu yake alivyoota, inuka. Pili, tazama pakiti. Sindano ziwe mpya, zimefungwa, azifungue mbele yako na azitupe mbele yako. Homa ya ini na UKIMWI havitazami sindano ni ya Kichina au ya kwetu. Tatu, asizame kwa kina kifuani na juu ya mabega, maana chini ya hapo kuna mapafu. Mweleze dawa unazomeza, na kama una mimba. Lipa moja moja. Ukifika ya tano au sita huoni tofauti, rudi na pesa yako nyumbani. Ukiona nafuu, usiitumie kulala. Itumie hiyo wiki mwili umelegea kuongeza kiti na mwimo, maana nafuu ya sindano ina tarehe ya kuondoka.

Kama pesa ni hiyo tu na lazima uchague, mimi ningeiweka kwenye nauli na ada za fiziotherapia, na kiti kimoja kizuri.

Limebaki la mume wako. Mtu aliyekula mchuzi wa chumvi mbili bila neno si mtu mbaya, ila hajui la kufanya ndiyo maana anatazama pembeni. Mpe kazi. Akushike wakati wa mwimo, akuhesabie. Nenda naye siku ya fiziotherapia asikie mwenyewe kuwa ugonjwa una jina. Habari ikitoka kinywani mwake itafika kwa mama yake na kwa dada yake ikiwa na uzito kuliko ikitoka kwako, si haki lakini ndivyo familia zilivyo. Kisomo nacho hakigombani na mazoezi, mama mkwe akitaka usomewe tena mwache, ila ukimaliza ukafanye viti vyako vitatu.

Niandikie baada ya wiki sita. Usinieleze maumivu yako yako wapi, yatakuwa yamehama tu. Niambie mlangoni, mguu mmoja mbele ya mwingine, umehesabu hadi ngapi.

Shangazi